Ekografi ya avoka: tuelewe kwanza mbele ya kuchanga makuta



Katika mkutano wetu wa mwisho wadogo zetu watatu walileta wazo: tununue pamoja kifaa cha ultrasoni, kile chenye unakigusisha kwenye tunda na kinakuambia kama bado iko fresh ao imeanza kuharibika, bila kuikata. Walisema wanunuzi wenye wanapakia avoka kwenye Fuso watatulipa kwa kila mufuko wenye tumepima. Kila mwanachama anaombwa dola 20. Wengine walipiga makofi, wengine walicheka eti sasa avoka nazo zitaenda kwa daktari. Kwa sababu nilisoma agronomia, na staji yangu ilikuwa juu ya matunda kisha mavuno, katibu aliniomba niandike maelezo kabla ya kura. Maelezo ndiyo haya. Ni marefu kidogo, mnivumilie.

Niseme mara moja: hiyo kitu si uongo. Iko, watafiti wa kweli wameifanyia kazi kwa zaidi ya miaka 30, na tunda lenye walilifuata sana ni hili letu, avoka (vitabu vya Tanzania vinaandika parachichi). Lakini kifaa hicho kinasikia jambo moja ndani ya tunda, na sioni kama jambo hilo ndilo lenye linatupotezea makuta hapa Kivu. Tukichanga, tuchange tukijua tunanunua nini.

Tuanze na kidole gumba, juu ndicho kifaa chenye kila mtu anacho. Nenda soko ya Kadutu asubuhi, simama karibu na mama mwenye kuuza avoka kwenye beseni, halafu hesabu. Mteja anafinya tatu, nne, anachukua moja, anaenda. Mwingine anakuja, anafinya zilezile. Avoka ngumu haisikii kitu. Lakini yenye imeanza kulainika, kila ukifinya unapasua seli za nyama chini ya ganda. Seli ikipasuka, vitu vyenye vilikuwa vimetengwa ndani yake vinakutana: kuna enzimu moja, polifenoloksidazi, inakutana na fenoli na oksijeni, na nyama inageuka rangi ya kahawia. Ni enzimu ileile yenye inafanya avoka yenye umekata asubuhi ikuwe nyeusi mangaribi. Nje huoni kitu. Mtu atakuja kuona doa nyumbani, kwenye sahani, na kesho hatarudi kwa mama yule.

Tuseme mama ana avoka 40 za franka 500. Nane zinafinywa mpaka zinachoka, jioni anaziuza 200 kila moja ili asirudi nazo. Amepoteza franka 2,400 kwa siku, na hakuna mtu amemuibia.

Mnunuzi mkubwa naye hana subira ya kufinya. Anachukua kisu, anakata moja ao mbili kwa kila mufuko. Zile zenye amekata ni hasara ya mkulima, kila mtu anaona ni kawaida. Tena avoka moja haiwezi kusemea mufuko mzima wakati ndani ya mufuko mumechanganywa matunda ya miti mitano ya majirani watatu.

Sisi wa labo tulikuwa na kisu chetu, tofauti ni kwamba kina namba. Kinaitwa penetrometa. Ilitoka Marekani, Magness na Taylor waliieleza mwaka 1925, na mpaka leo ndiyo kipimo chenye vingine vyote vinalinganishwa nacho. Unatoa kipande cha ganda, unasukuma chuma cha mviringo chenye upana wa milimita 8 ao 11 ndani ya nyama, unasoma nguvu yenye imehitajika. Kipimo kizuri kabisa. Shida ni kwamba tunda limekufa hapo. Ukitaka kufuata namna avoka inaiva kwa siku kumi, utapima leo tunda hili, kesho tunda lingine, na kila siku unajiuliza kama tofauti yenye unaona inatoka kwa siku ao inatoka kwa tunda. Watafiti walitaka kitu chenye kinaweza kurudi kwa tunda lilelile kila asubuhi. Hapo ndipo ultrasoni iliingia.

Sikio la mtu linasikia mitetemo kuanzia 20 hivi kwa sekunde mpaka kama 20,000. Juu ya hapo sauti iko, lakini sisi hatuisikii. Popo anasikia, anawindia nayo usiku. Hiyo sauti ya juu ndiyo ultrasoni. Hospitalini ekografi inatumia mitetemo ya milioni 2 mpaka kama milioni 15 kwa sekunde: kifaa kinatuma sauti ndani ya tumbo, sauti inagonga kitu, inarudi, mashini inahesabu imechukua muda gani na inachora picha.

Dada zetu wenye wamepita kwenye ekografi wanajua mambo mawili yenye yatatusaidia kuelewa. La kwanza, daktari anapakaa kwanza ile jeli ya baridi. Si ya kuteleza tu. Kati ya kifaa na ngozi kukibaki hewa, hata nyembamba kama karatasi, karibu sauti yote inarudi nyuma bila kuingia, juu hewa ni nyepesi sana na mwili ni mzito. La pili, kama wanataka kuona chini ya tumbo wanakuambia unywe maji mingi na usiende chooni. Kibofu chenye kimejaa maji kinakuwa dirisha la sauti, na kinasukuma matumbo yenye yana gesi. Maji ni rafiki wa ultrasoni, gesi ni adui yake.

Sasa angalia tunda. Tunda si maji tupu. Kati ya seli na seli kuna vinafasi vidogo vya hewa, juu tunda linapumua hata kama limekwisha kuchumwa: oksijeni inaingia, gesi ya kaboni inatoka. Pome, ile ya kununuliwa, ina hewa kama sehemu moja kwa tano ya ukubwa wake, mara nyingine karibu robo. Njo maana pome inaelea. Avoka nayo ina vinafasi vyake. Ukichukua kichwa cha ekografi ya hospitali ukakibandika kwenye tunda la namna hiyo, sauti inaingia milimita chache, inagonga mamia ya vipovu, inatawanyika, inakwisha. Kwa hiyo kama kuna mtu alikuwa anafikiri tutanunua ekografi ya zamani ya kliniki fulani na kuigeuza, hapo jibu langu ni hapana, na sina mashaka.

Hewa hiyo inafanya jambo lingine la ajabu zaidi, na unaweza kulisikia nyumbani leo jioni. Chukua kikombe cha maji ya moto, tia kijiko cha kahawa ya unga, ile yenye inayeyuka, koroga haraka, halafu gonga chini ya kikombe na kijiko, polepole, bila kuacha. Sauti itaanza nzito, kisha itapanda, itapanda, mpaka inakuwa nyembamba kama ya kikombe cha kawaida. Unga umeingiza vipovu vidogo kwenye maji. Maji yenye vipovu yanabaki mazito kama maji, lakini yanajikunja kama hewa, na kitu kizito chenye kinajikunja kirahisi kinapitisha sauti polepole sana. Vipovu vikitoka, mwendo unarudi. Katika maji safi sauti inakimbia kama mita 1,480 kwa sekunde, katika hewa kama 340. Katika mchanganyiko wa maji na vipovu inaweza kwenda polepole kuliko hata katika hewa peke yake. Mimi nilipofanya hiyo ya kikombe mara ya kwanza, bibi yangu aliniuliza kama sina kazi.

Na ndani ya nyama ya avoka ni vilevile: sauti inakwenda mita mia kadhaa tu kwa sekunde. Tupige hesabu ndogo. Urefu wa wimbi ni mwendo ukigawanywa kwa idadi ya mitetemo. Tuchukue mwendo wa mita 300. Na mitetemo milioni moja, wimbi linakuwa na urefu wa milimita 0.3. Limekuwa dogo sana, linajikwaa kwenye kila kinafasi. Na mitetemo 50,000, wimbi linakuwa na milimita 6. Hilo linapita juu ya vinafasi vile kama Fuso inavyopita juu ya changarawe, wakati baiskeli ya mtoto ingeanguka.

Hiyo ndiyo njia yenye ilifungua mlango. Nchini Israel, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo kinachoitwa Volcani, kule Bet Dagan, Amos Mizrach na wenzake walianza mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 walifanya kazi mingi juu ya avoka na maembe kwa mawimbi ya chini, karibu mitetemo 50,000 kwa sekunde. Waliweka vichwa viwili vyenye ncha nyembamba, vyote upande mmoja wa tunda, kimoja kinatuma, kingine kinapokea. Kwa nini upande mmoja? Juu katikati kuna mbegu. Ukituma kutoka upande huu mpaka upande ule, unapima mbegu na siyo chakula. Vichwa vikiwa pembeni-pembeni, sauti inapita ndani ya nyama chini ya ganda kutoka ncha moja mpaka nyingine. Ncha nyembamba inakandamiza kidogo na kufukuza hewa ya katikati, hivi haina lazima ya kupakaa jeli kila tunda.

Wanasoma vitu viwili. Cha kwanza, sauti imechukua muda gani kufika. Cha pili, imefika na nguvu gani: wanasogeza vichwa, wanaangalia nguvu inapungua namna gani kila milimita. Hicho cha pili ndicho walikitegemea zaidi.

Na kwa nini nguvu hiyo inabadilika wakati avoka inaiva? Hapa ndipo somo letu la fiziolojia linarudi. Seli za mmea zina kuta. Kuta zinashikamanishwa na pektini, tuseme sima kati ya matofali. Avoka ikianza kuiva inatoa gesi ya etileni, na enzimu zinaamka: moja inakata pektini, nyingine, selulazi, ambayo avoka iko nayo mingi, inashambulia kuta zenyewe. Tunda lenye lilikuwa kama ukuta wa matofali linakuwa kama siagi. Sauti inapenda kitu chenye kinarudi haraka kikisukumwa. Nyama ngumu inairudisha, inaipitisha. Nyama laini inameza nguvu yake. Kwa hiyo kadiri avoka inavyolainika, sauti inapotea zaidi njiani. Waisraeli walichora namba hizo pembeni ya namba za penetrometa, na mistari miwili ilitembea pamoja vizuri. Walirudia kwa matunda yenye yamewekwa kwenye baridi za viwango mbalimbali, na hapo pia wimbi lilifuata ulaini.

Kwa hiyo wadogo zetu hawakudanganya. Kifaa kinaweza kusema: tunda hili limelainika kiasi hiki, bila kulikata. Naheshimu hiyo kazi sana.

Lakini sikilizeni maneno yenye nimeandika: limelainika. Sikuandika ni fresh, wala ni tamu. Kifaa kinasikia ugumu na hewa, basi. Kuoza kwa kuvu yenye inaanzia kwenye kikonyo hakutasikika kama ncha zimewekwa tumboni. Kuvu ya madoa meusi, antraknozi, inaingia tangu tunda liko kwenye mti na inalala chini ya ganda ikingoja tunda liive. Ikiwa bado imelala, wimbi halioni tofauti. Na doa la kidole gumba la yule mteja wa asubuhi litasikika tu kama kwa bahati umeweka ncha palepale. Ladha, hakuna. Dawa ya kupulizia, hakuna.

Kuna jambo lingine, na hili wadogo zetu hawakuligusa kabisa. Mashini hii haizaliwi na akili. Yenyewe inatoa namba ya sauti, na namba ya sauti haina maana mpaka mtu aseme namba hii ni ngumu kiasi gani. Kuifundisha, unachukua mamia ya avoka, kila moja unaipima na wimbi, halafu unaikata na kuipima na penetrometa, unaandika zote mbili. Yani ili usikate matunda, lazima kwanza ukate matunda mingi. Na masomo hayo yanafaa kwa aina ile yenye umekata, katika joto lile lenye ulikuwa nalo. Tunda lenye limetoka kwenye frigo na tunda lenye limeshinda juani hayapitishi sauti sawa.

Kule Israel hiyo haikuwa shida kubwa. Shamba lao ni miti ya kuunganishwa: safu ya Ettinger, safu ya Fuerte, safu ya Hass, kila mti ni pacha wa mwenzake. Sasa tembea Kabare ao Walungu. Miti mingi imeota kwa mbegu tu, mtu alikula avoka akatupa mbegu nyuma ya nyumba. Na ua la avoka lina tabia yake: linafunguka kwanza kama jike, linafunga, halafu linafunguka tena siku ya pili kama dume. Mpango huo unasukuma miti ichanganyike na majirani. Kwa hiyo mtoto hafanani na mama yake. Kwenye kilima kimoja utapata avoka ndefu kama chupa, ya mviringo, ya ganda jembamba kama karatasi, ya ganda gumu kama kibuyu, yenye maji, yenye mafuta, yenye nyuzi. Mashini yenye imefundishwa Hass ukiiletea mufuko huo, itakuambia namba, ndiyo, lakini itakuwa inaongea lugha ya kijiji kingine.

Hata hivyo tungeweza kusema: tutaifundisha sisi, tunao vijana wa labo. Sawa. Ndipo nafika kwenye sababu yenye inanifanya nisite kweli.

Avoka haiivi kwenye mti. Ikiwa bado inaning'inia inabaki ngumu, ngumu ya mwezi wa tano na ngumu ya mwezi wa nane, hata kama ndani mambo yanabadilika: maji yanapungua, mafuta yanaongezeka. Ukiichuma imekomaa, itakaa siku kadhaa nyumbani na italainika vizuri. Ukiichuma changa, haitalainika, itakunjamana, itakuwa kama mpira, na kikonyo kitaoza. Na hapa kwetu, hasara yenye niliona kwenye staji, kilima kwa kilima, ilikuwa ya avoka changa. Watu wanachuma mapema kwa sababu wana haraka: shule inaanza na mtoto hana minervali, ao mwizi atatangulia usiku, ao gari la mnunuzi linapita leo na haijulikani litarudi lini barabara ikinyeshewa. Wanapiga mti na fimbo, yote yanaanguka, makubwa na machanga, yanaingia mufuko mmoja.

Sasa leta mashini yetu kwenye mufuko huo. Avoka changa ni ngumu sana. Wimbi litapita vizuri kabisa. Mashini itatoa namba ya juu kuliko zote na kusema: hii ni ngumu, ina siku mingi za kusafiri. Mnunuzi atafurahi, atalipa, atapakia. Kisha wiki mbili mteja wake ana mpira kwenye sahani, na jina lenye litatajwa ni la chama chetu, juu sisi ndio tulipima. Kifaa kitakuwa hakikukosea kusoma ugumu. Ila kitakuwa kimesifu tunda baya kuliko yote ya mufuko.

Nasikia mtu anauliza: Waisraeli hawakujaribu kupima kukomaa? Walijaribu, walitafuta kama wimbi linafuatana na kiasi cha ukavu wa nyama. Lakini hapo kifaa hakipimi mafuta yenyewe, kinakisia kwa kupitia uhusiano, na uhusiano huo unatakiwa kujengwa upya kwa kila aina. Tunarudi kwa miti yetu ya mbegu.

Na tusijifiche: hata kwenye nchi zenye makuta, ultrasoni ya matunda imebaki zaidi kwenye labo. Kwenye viwanda vya kupanga matunda, vifaa vyenye vimeshika kazi ni vingine. Kimoja ni kugonga: kinyundo kidogo kinapiga tunda, maikrofoni inasikiliza linavyolia, na ordinateri inachanganya mlio na uzito kupata ugumu. Ni kazi ileile ya mzee mwenye anagonga pasteki sokoni. Mlio wa kugonga unatoka kwa tunda zima, tena ni wa mitetemo ya mamia ao maelfu machache tu, hivi hewa haiusumbui. Kingine ni mwanga wenye macho hayaoni, infrarouge ya karibu: unaingia ndani kidogo, maji na sukari vinameza sehemu yake, na unasoma kilichorudi. Kule Australia wanautumia kujua kama embe limekomaa likiwa bado kwenye mti. Huo unakaribia swali letu zaidi kuliko ultrasoni, juu unasoma ukavu. Bei yake si ya dola 20 kwa mtu, na nao pia unahitaji kufundishwa.

Basi tufanye nini? Pendekezo langu ni dogo na halitapigiwa makofi. Kipimo cha kukomaa kwa avoka chenye dunia nzima inakubali ni ukavu wa nyama, na kinafanywa na mizani na joto. Unatoa ganda na mbegu, unakata vipande vyembamba kutoka pande mbalimbali za tunda, unapima gramu 10. Unakausha polepole bila kuunguza, kwenye tanuri ndogo ao mikro-ondi ya moto mdogo, mpaka ukipima mara mbili uzito haushuki tena. Ikibaki gramu 2.1, ukavu ni 21 kwa mia. Kwa Hass, kanuni za UNECE zinaomba 21 kwa mia. Aina nyingine zina namba zao, nyingi ziko chini kidogo. Ndiyo, tunda linakatwa. Lakini tunakata matatu ya mti mmoja, mara moja, mbele ya kuchuma, na mti mzima unajulikana. Kwa miti ya mbegu hiyo ndiyo njia yenye inaeleweka: kila mti unajitegemea, unaupa namba, unaandika tarehe. Mwaka wa pili mkulima anajua kwamba mti wa nyuma ya jiko unachumwa mwisho wa mwezi fulani, na hahitaji sisi tena. Wadogo zetu watasema hiyo si biashara. Wako na haki kidogo. Lakini mnunuzi mwenye anapakia mifuko mia atalipa kwa orodha ya miti yenye imekomaa, kuliko kwa namba ya mufuko wenye umekwisha kuchumwa vibaya.

Mama wa Kadutu sijamsahau. Kwake yeye, ultrasoni ingekuwa na maana ya kweli, juu swali la mteja wake ni ulaini na hakuna lingine. Kama siku moja kitapatikana kifaa cha ukubwa wa simu, chenye ncha mbili, kikisema kula leo, kula kesho, kula jumapili, vidole vitapumzika. Kwa sasa kuna yenye inaweza kumsaidia bila batri: apange avoka kwa mabeseni matatu kufuatana na siku za kula, na aonyeshe mteja kugusa karibu na kikonyo kwa kiganja badala ya kuchimba na kidole tumboni. Wamama wawili wenye niliongea nao wanafanya hivyo tayari, na wanamkemea mteja bila haya.

Kwa vijana wa fizika na elektroniki, msikate tamaa. Vile vichwa vidogo vya mitetemo 40,000, vyenye watu wanavitumia kupimia umbali na kwenye magari kwa kurudi nyuma, havina bei kali. Vimetengenezwa kwa kuongea hewani, kwa hiyo mtalazimika kuvitengenezea ncha ya kugusa tunda. Hiyo ni TFC nzuri kabisa: mti mmoja, avoka 60 zenye zimekomaa, penetrometa ya kuazima, joto moja, majuma mawili. Mkipata mstari wenye unatembea na ugumu, mtakuwa mmefanya kitu chenye sijakiona kimefanywa na avoka za Kabare. Makuta ya hiyo yanaweza kutoka kwa mfuko wa chama bila kumuomba mtu dola 20.

Kura ni jumamosi ya pili ya mwezi ujao. Mimi nitapiga hapana kwa kununua kifaa, na ndiyo kwa mizani yenye inasoma mpaka gramu 0.1 pamoja na tanuri ndogo. Mwenye ana mizani ya namna hiyo haitumii, ao mwenye ana mjomba mwenye miti isiyopungua kumi pande za Kabare na anakubali tuihesabu na kuipa namba, aniandikie mbele ya siku hiyo. Tukichelewa, watakuwa wamekwisha kupiga fimbo.